Dizeli yenye kilomita chache Dar es Salaam: usihesabu kilomita, hesabu saa na joto la ekzosi

Mhasibu wa Mikocheni (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya mwenye gari dogo la dizeli la kisasa ambaye halipeleki mikoani, bali hulitumia kwenda kazini, sokoni na kwenye ibada, kisha anashangaa inakuwaje gari linalotembea kidogo namna hiyo likose nguvu na kuwasha taa za dashibodi. Mimi si fundi, ni mtu wa hesabu, na hesabu ndizo zilizonifungua macho baada ya gereji kunifungua mfuko.

Gari langu lilitoka Japani likiwa na umri wa miaka minane na kilomita 41,000. Muuzaji alizitaja kilomita hizo mara tatu kabla hajataja bei, nami nikafurahi kama mtu aliyeokota. Sikuwaza kugawanya. Ukigawanya, gari lile lilikuwa likitembea wastani wa kilomita 14 kwa siku kwa miaka minane mfululizo, yaani pengine kumpeleka mtu stesheni ya treni na kumrudisha, na mara nyingi likizimwa kabla halijapata joto sawasawa. Kwa injini ya petroli hilo si kosa kubwa sana. Kwa dizeli yenye chujio la masizi, lile ambalo mafundi wetu huliita DPF, ni sawa na kununua sufuria iliyokwisha kuungua ndani ikang'arishwa nje.

Nikalileta Mikocheni, na ofisi yangu iko Posta, kilomita tisa hivi. Napita Morocco, naingia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na mpaka nivuke Daraja la Salenda nusu saa imekwisha. Siku ya mvua ni saa nzima. Tuchukue mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa, ambao kwa asubuhi na jioni za mji huu si wa kutia chumvi. Kilomita 10,000 kwa mwendo huo ni saa 667 za injini kunguruma. Mwenzangu anayesafiri mikoani kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, ndani ya saa hizo hizo, atakuwa amekwenda kilomita 40,000. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nasubiri odometa isome 10,000 ndipo nimwage oili, nilikuwa naifanyisha oili hiyo kazi ya kilomita 40,000, huku nikijisifu kwamba gari langu halitumiki.

Tena saa zenyewe si saa za heri. Ushauri mwingi wa Ulaya husema uepuke safari fupi kwa sababu baridi ya kule huichelewesha injini kupata joto, na sisi tunaoamka na nyuzi 25 tunadhani maneno hayo hayatuhusu, maana sindano ya joto inafika katikati kabla hata hatujafika barabara kuu. Sindano ile inapima maji yanayozunguka kwenye injini; haipimi ekzosi. Injini ya dizeli isiyo na mzigo huvuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo mno, ndiyo maana kwenye foleni moshi wake hutoka ukiwa wa vuguvugu tu hata kama injini imewaka saa nzima. Unaweza ukafika Posta maji yakiwa na nyuzi 90 na chujio likiwa halijapata joto la kuchoma hata chembe moja ya masizi.

Chujio lenyewe ni kama sega la nyuki la kauri, ambalo vitundu vyake vimezibwa kwa zamu, kimoja huku na jirani yake kule, ili moshi ulazimike kupenya kwenye kuta na kuyaacha masizi nyuma. Masizi hayo huondoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kimyakimya: gari likiwa barabara kuu na lina mzigo, ekzosi ikifika nyuzi 250 hadi 400 hivi, gesi ya nitrojeni dayoksaidi inayotengenezwa na kichocheo kilicho mbele ya chujio huyala masizi polepole. Ya pili ni ya kulazimisha. Kompyuta ikiona chujio linaelekea kujaa, hunyunyiza dizeli ya ziada kwa kuchelewa, baada ya mwako mkuu, ili ikaungulie kwenye kichocheo na kupandisha joto hadi nyuzi 600 hivi. Kazi hiyo huchukua dakika 10 hadi 20 gari likiwa linatembea.

Sasa mimi nilikuwa nafika ofisini katika dakika ya sita ya kazi hiyo, nazima gari, nachukua begi langu. Kompyuta inajaribu tena jioni, nazima tena nyumbani. Katika kila jaribio sehemu ya ile dizeli ya ziada hulowesha kuta za silinda na kuteremka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikachanganyika na oili. Ndiyo siri ya oili kupanda badala ya kupungua. Naungama kwamba nilipochomoa stiki nikaona oili imevuka alama ya juu kwa karibu sentimita moja, nilimshukuru Mungu kwamba nimepata gari lisilokula oili.

Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, na wa kwanza kuumia ni beringi za turbo. Ikizidi sana injini inaweza kuivuta oili hiyo yenyewe na kuichoma kama mafuta, ikapandisha mizunguko bila dereva kukanyaga chochote, na hata ukizima swichi isizimike. Baadhi ya Mazda za dizeli zina alama ya X kwenye stiki, juu ya alama ya kujaa, kwa ajili ya jambo hili hili: oili ikiifikia X unaimwaga, hata kama uliibadilisha mwezi uliopita.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na ni mwaka wa tatu taa haijawaka.

Jumamosi au Jumapili asubuhi, kabla barabara haijachangamka, natoka kuelekea Bagamoyo au Kibaha. Si lazima nifike. Nahitaji nusu saa ya mwendo usiokatika injini ikiwa na mzigo. Wengi hudhani maana yake ni kukimbia, na wanaishia kusimamishwa na wenye tochi. Siri iko kwenye mizunguko, si kwenye mwendo: naweka gia kwa mkono, gari la otomatiki linashikilia gia ya tatu au ya nne, injini inazunguka kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika, na hapo mwendo wa kilomita 70 unatosha kabisa.

Jambo la pili ni kujifunza kuitambua kazi ya kuchoma masizi inapoendelea. Gari likisimama, mizunguko inabaki juu kidogo kuliko kawaida. Feni ya rejeta inanguruma hata kama hakuna joto la ajabu. Kipimo cha matumizi ya mafuta kinapanda ghafla. Na ukishuka unasikia harufu kali ya chuma cha moto. Ukiyaona hayo, usizime. Mke wangu alidhani nimepagawa siku niliyopita geti letu mara mbili bila kuingia, nikaenda kuzunguka hadi Mwenge na kurudi.

Jambo la tatu ni oili, nami hapa sina ubahili tena. Nabadilisha kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia, na kwangu kalenda ndiyo hutangulia daima. Iwe oili yenye majivu kidogo, ambayo kwenye kopo huandikwa ACEA C3 au C2, na kwa magari mengi ya Japani JASO DL-1. Angalia kitabu cha gari lako kinataka ipi. Oili ya injini ikiungua huacha majivu, na majivu hayachomeki kwa joto lolote ambalo gari linaweza kulipata. Masizi ni deni linalolipika. Majivu yanabaki mpaka chujio lifunguliwe.

Kuhusu mafuta yenyewe sina mengi. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kudai dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya ni 10. Tofauti hiyo haiui chujio, lakini ni sababu nyingine ya kutoifuata ratiba ya oili iliyoandikwa kwa ajili ya dereva wa Ujerumani.

Karibuni kwa maswali.

Bunju Kwetu

Mkuu, shukrani kwa darasa. Fundi wangu ameniambia dawa ni moja tu, kulitoboa chujio na kufuta programu yake kwenye kompyuta, na kwamba magari mengi mjini yameshafanyiwa hivyo na yanakimbia vizuri. Unasemaje?

Mhasibu wa Mikocheni

Mkuu, nami niliambiwa hivyo hivyo, na fundi alikwishashika msumeno. Sitakudanganya: chujio likitolewa na programu ikafutwa ipasavyo, ile dizeli ya ziada haimwagwi tena na oili yako haitapanda. Gari litavuta vizuri. Ila yale masizi hayajaacha kutengenezwa, yamebadilishiwa njia tu. Sehemu yake itaendelea kurudi kupitia valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kiasi kwenye injini, na kuganda kwenye manifoldi ya hewa, na iliyobaki atavuta bodaboda aliye nyuma yako. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mimi nina watoto wanaorudi shule kwa miguu kandokando ya barabara ile ile.

Halafu kuna suala la pesa. Chujio huziba kwa sababu fulani, na ukilitoboa bila kuitafuta sababu hiyo, iwe nozo inayovuja, turbo inayopitisha oili au safari zako tu, unakuwa umevunja kengele na kuuacha moto.

Mama Wawili

Kaka, mimi naishi Kigamboni na nafanya kazi Kurasini, kwa hiyo nikishavuka Daraja la Nyerere nimeshafika. Safari ya Bagamoyo kila wiki siiwezi, dizeli ni ghali na Jumapili nina mambo yangu. Jirani amenishauri niweke chupa ya oili ya boti kwenye tanki kila nikijaza, au lita mbili za mafuta ya taa ili nozo zijisafishe. Je, inafaa?

Mhasibu wa Mikocheni

Dada yangu, swali la oili ya boti na mafuta ya taa nawaachia mafundi, ingawa jibu langu ni hapana. Kuhusu gharama, tuhesabu. Gari la injini ya lita 2.2 likiwa barabara isiyo na foleni hutumia kama lita sita au saba kwa kilomita 100, kwa hiyo safari ya kilomita 50 ni lita tatu na nusu. Zidisha kwa bei ya mwezi huu ya EWURA, kisha linganisha na bei ya chujio uliyotajiwa. Wala si lazima iwe kila wiki. Kwa matumizi yako pengine mara mbili kwa mwezi inatosha, na kwenu mna barabara ya Kibada kuelekea Mwasonga ambayo asubuhi huwa haina msongamano. Safari za sokoni za kilomita moja na nusu, panda bajaji. Nasema kwa nia njema: hakuna safari inayoichafua dizeli kuliko hiyo ya kwenda kununua nyanya na kurudi.

Fundi Mstaafu wa Gerezani

Habari zenu wanangu. Mwanzisha uzi amesema vizuri, mimi naongeza yale ninayoyajua kwa mikono.

Mama, mafuta ya taa usiyaweke. Pampu ya injini hizi za kisasa husukuma dizeli kwa mgandamizo wa bar 1,600 hadi 2,000, na inajilainisha kwa dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Haina oili nyingine. Mafuta ya taa ni makavu. Pampu ikianza kujila, unga wa chuma unaenda kwenye nozo zote nne, na hapo utauza kiwanja. Enzi za injini za pampu ya zamani tulifanya hivyo na zikavumilia, ndiyo maana ushauri huo haujafa. Oili ya boti nayo usiiweke, haikutengenezwa kwa ajili ya injini hizi.

Kinachonisikitisha ni vijana kukimbilia kulaumu chujio kabla ya kukagua vitu vidogo. Kuna sensa inayopima tofauti ya mgandamizo mbele na nyuma ya chujio, nayo ina vipira viwili vyembamba. Vipira hivyo hupasuka au huziba kwa masizi, kompyuta inapata habari za uongo, na chujio zima linahukumiwa. Vikagueni kwanza, ni kazi ya dakika kumi.

Manifoldi ya hewa na EGR ni suala lingine. Masizi makavu yanayorudishwa hukutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini, yakawa uji mzito kama lami, na njia ya hewa ikabana mwaka hadi mwaka. Hakuna dawa ya kumwaga kwenye tanki itakayoufikia uji huo, kwa kuwa dizeli haipiti huko kamwe; nozo zinanyunyiza moja kwa moja kwenye silinda. Hufunguliwa, hukwanguliwa, huoshwa, hurudishwa na gasketi mpya. Anayekuuzia chupa ya kusafisha manifoldi kupitia tanki anakuuzia matumaini.

Mwisho, maji. Sisi tuko pwani, hewa ina unyevu, na gari linalokaa na tanki robo kwa wiki tatu hukusanya matone ukutani mwa tanki. Jazeni tanki kabla ya kuliacha gari, na chini ya filta ya dizeli kama kuna koki ya kumwagia maji ifungueni kila mnapobadilisha oili, hasa msimu wa masika.

Na anayechomewa masizi gereji kwa mashine, gari likiwa limesimama, ahakikishe haliko juu ya majani makavu wala karibu na matambara yenye oili. Ekzosi wakati huo inaweza kuwasha moto.

Tegeta Kibaoni

Wakuu, naomba mnisaidie. Mimi nafanya hayo yote. Kila Jumapili naenda Bagamoyo na kurudi, oili ni ya C3, lakini taa ya DPF inarudi kila baada ya wiki mbili. Nimeshachomewa gereji mara tatu. Sindano ya joto kwenye dashibodi inasimama chini kidogo ya katikati, na fundi anasema hiyo ni dalili njema kwamba gari halichemshi.

Fundi Mstaafu wa Gerezani

Mwanangu, hiyo si dalili njema. Tafuta mtu mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta, chini ya usukani, muende pamoja barabarani na asome joto la maji kwa namba. Injini ya namna hiyo inapaswa kukaa kati ya nyuzi 80 na 95. Ikiwa chini ya hapo, themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, imekwama wazi, au kuna mtu aliing'oa kwa imani kwamba nchi za joto haziihitaji. Kompyuta nyingi hazianzishi kuchoma masizi mpaka maji yafike joto fulani, kwa hiyo unaweza kwenda Bagamoyo hadi Tanga usiambulie kitu.

Mhasibu wa Mikocheni

Hapo Mzee umenifundisha hata mimi. Mkuu wa Tegeta, ukipata namba turudishie hapa, na usisahau kupima oili kwenye stiki gari likiwa limepoa na liko kwenye usawa, kwa kuwa kuchoma kulikokatizwa mara nyingi hivyo lazima kumeacha dizeli kwenye sampu.

Tegeta Kibaoni

Narudi na mrejesho, wakuu. Tulipima juzi tukiwa njiani kati ya Bunju na Mapinga: nyuzi 62, na kwenye mteremko zikashuka hadi 58. Jana tulifungua, themostati haikuwepo kabisa, nyumba yake ilikuwa tupu na gasketi imepakwa gundi. Nimenunua mpya Kariakoo, mafundi wametoa hewa kwenye mfumo wa maji, na oili tumeimwaga kwa sababu ilikuwa imepita alama na inanuka dizeli. Leo asubuhi namba ilikaa 86 hadi 89. Nilipofika Kerege feni ikaanza kunguruma na matumizi ya mafuta yakapanda, nikapita nilikokuwa nakwenda, nikaendelea mpaka Bagamoyo mjini, ikatulia yenyewe baada ya dakika kumi na saba.